UZI: Kujenga modeli ya haidroliki ya mtandao wa maji wa mji, na kuikalibreti bila kujidanganya

#1 Mpimamaji

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaojenga modeli ya mtandao wa maji wa mji, kuanzia mtambo hadi mabomba ya mitaani. Msimamo wangu nautanguliza ili mwenye kupinga apinge mapema: kukalibreti, yaani kuirekebisha modeli kwa kuilinganisha na vipimo vya uwandani, ni kusaka yale tusiyoyajua kuhusu mtandao wetu wenyewe. Modeli ikipishana na vipimo, inakuambia kuna kitu ardhini ambacho hakimo kwenye ramani. Ukikifunika kwa kuchezea ukwaruzo wa mabomba mpaka mistari ilaliane, umeitupa taarifa uliyoigharamia.

Hesabu zenyewe zisimtishe mtu. Mhandisi Hardy Cross alichapisha njia ya kusawazisha mitandao ya mabomba kwa mkono mwaka 1936. Miaka ya 1980 Todini na Pilati wakaleta njia ya kutafuta mtiririko na presha za mtandao mzima kwa pamoja, na ndiyo inayotumiwa na EPANET, programu ya bure iliyotolewa na Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani mwaka 1993. Mtandao ulioueleza ukiwa ndio ulioko ardhini, majibu yatakuja sawa. Kazi yote iko kwenye huko kuueleza.

Nianze na kipenyo, maana hapo wengi hupotea siku ya kwanza. Bomba la HDPE huitwa kwa kipenyo cha nje. Lile la mm 110 la daraja la SDR 11 (kipenyo cha nje ni mara 11 ya unene wa ukuta) lina ukuta wa mm 10, kwa hiyo maji yanapita kwenye mm 90 tu. Katika fomula ya Hazen-Williams, ya kukokotoa presha inayopotea ndani ya bomba, kipenyo kina kipeo cha 4.87. Ukiandika 110 mahali pa 90, presha inayopotea njiani kihalisi itakuwa mara 2.66 ya ile inayoonyeshwa na modeli. Kuziba pengo hilo kwa C, namba ya ukwaruzo kwenye fomula hiyo (ikiwa ndogo, bomba limekwaruza zaidi), ungelazimika kuishusha kutoka 150 hadi karibu 88, na hiyo ni C ya bomba la chuma lililokwishaliwa na kutu, wakati lako ni la plastiki na bado jipya. Kwa mabomba ya chuma ya zamani mambo ni kinyume: acha kipenyo cha jina na C ibebe mzigo wote, maana kutu inakwaruza na kubana njia kwa wakati mmoja, na huwezi kuvitenganisha bila kulikata bomba.

Miunganiko. Mistari miwili ikikatana kwenye ramani ya GIS, je, mabomba yameungana au moja linapita chini ya jingine? Programu haijui. Kaa na fundi aliyefukua pale, muulize makutano kwa makutano. Hakuna ramani inayomshinda fundi wa mtaa aliyekaa kazini miaka mingi, na anapostaafu bila kuulizwa, mji unapoteza sehemu ya ramani yake.

Mwinuko. Kosa la mita moja ya mwinuko ni kosa la mita moja ya presha (tunaipima kwa kimo cha maji) kwenye nodi ile, yaani nukta ya modeli mabomba yanapokutana, saa zote, milele. Takwimu za mwinuko za rada ya SRTM, zilizokusanywa angani Februari 2000, zinafaa kwa nodi za kawaida, lakini zina makosa ya mita kadhaa na mara nyingine zimepima paa au kilele cha mti. Kila mahali utakapofunga geji ya presha, pima mwinuko kwa vifaa vya upimaji ardhi. Na upime geji ilipokaa, si udongo wa chini yake.

Matumizi. Chukua usomaji wa dira za wateja, umpeleke kila mteja kwenye nodi au bomba lililo karibu naye. Mwenendo wa matumizi kwa saa usiunakili kitabuni, utoe kwenye mtandao wako: maji yaliyoingia, toa yaliyotoka kwenda kanda nyingine, kisha jumlisha au toa mabadiliko ya tangi. Tangi la duara la kipenyo cha mita 20 lina eneo la mita za mraba 314. Likishuka sm 30 kwa saa moja limetoa mita za ujazo 94, yaani lita 26 kwa sekunde. Ukilisahau tangi, mwenendo wako wote umepotoka.

Pampu: usiamini mkunjo wa kiwandani (mchoro wa presha dhidi ya mtiririko) kwa pampu iliyozeeka. Ipime kwenye nukta chache, ikiwemo ile ya valvu ya kutolea ikiwa imefungwa kwa muda mfupi, kwa pampu za aina inayoruhusu hilo.

Nimeweka msingi. Karibuni tujadili.

#2 MwanafunziHaidro

Shikamoo Injinia. Nafanya mradi wa mwisho chuoni. Nimesoma kwamba C ya PVC ni 140 hadi 150 na chuma cha zamani ni 60 hadi 100. Huo upana wa 60 hadi 100 unanichanganya. Nachaguaje? Na nikienda kupima, napimaje?

#3 Mpimamaji

Marahaba. Swali zuri, na nitakaa nalo kidogo kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi za upimaji hupotea.

Chukua bomba la kipenyo cha ndani cha mm 200, urefu wa mita 1,000. Mchana wa kawaida linapitisha lita 5 kwa sekunde. Kwa C ya 130 presha inayopotea ni sm 18. Kwa C ya 90 ni sm 36. Tofauti ni sm 18. Sasa angalia geji uliyobeba. Geji ya bar 10 ya daraja 1.6 inaruhusiwa kukosea asilimia 1.6 ya kipimo chake chote, yaani bar 0.16, karibu mita 1.6 za maji. Unatafuta sm 18 kwa kifaa kinachoweza kukosea sm 160. C yoyote utakayoipata hapo ni ya kubahatisha, hata ukiiandika kwa desimali tatu.

Bomba lile lile lipitishe lita 30 kwa sekunde. Kwa C ya 130 inapotea mita 5.0, kwa C ya 90, mita 9.8. Tofauti ni karibu mita 5, na hata geji ya wastani inaiona. Mtiririko umepanda mara 6, presha inayopotea imepanda karibu mara 28, kwa sababu ya kipeo cha 1.852.

Kwa hiyo lilazimishe bomba lifanye kazi. Tenga kipande kwa kufunga valvu za pembeni ili maji yapite njia moja, funga geji mbili kwa umbali unaoujua, kisha fungua haidranti (tundu la maji la zimamoto) upande wa mwisho huku ukipima mtiririko wake. Soma geji zote mbili kabla ya kufungua na baada ya kufungua. Usomaji wa kabla, maji yakiwa yametulia, unakupa tofauti ya mwinuko pamoja na kasoro ya geji vyote kwa mpigo, nawe unaviondoa kwenye hesabu. Fungua haidranti polepole na uifunge polepole zaidi, la sivyo utaamsha wimbi la presha litakalopasua bomba la jirani.

Pima vipande vichache vya kila kundi: chuma cha miaka fulani, PVC, HDPE. Kisha kundi zima lipe C moja.

#4 FundiTangi

Naongezea ya uwandani, maana modeli nyingi huharibikia hapa.

Geji zote zibebwe mahali pamoja kabla ya zoezi, zifungwe kwenye bomba moja, zisomwe kwa pamoja. Inayotofautiana na wenzake iandikwe tofauti yake, au iachwe ofisini. Rudia baada ya zoezi.

Saa za vinasa data zilinganishwe, dakika kwa dakika. Saa za asubuhi presha inashuka haraka, kifaa kilichochelewa robo saa kitakuonyesha tatizo lisilokuwepo.

Toa hewa kwenye mpira wa geji kabla ya kusoma. Na ukifunga kinasa kwenye bomba la nyumba ya mteja, kumbuka unapima presha baada ya dira na bomba lake jembamba. Mteja akifungua maji, unapima matumizi yake, hupimi mtandao. Mimi nafunga kwenye haidranti au kwenye chemba ya valvu, basi.

Halafu tangi: mwandishi wa zamu akiandika "limejaa" hajakupa kipimo. Funga kinasa cha kina cha maji.

#5 ValvuWazi

Wakuu, nimewahi kwa sababu niko katikati ya jambo hili hili. Kanda yangu inalishwa na tangi moja, maji kwenye tangi yako mwinuko wa mita 152 usiku. Nina vinasa vinne, kwenye vituo A, B, C na D. Nimejumlisha mwinuko na presha, hiki mnachokiita kimo cha haidroliki, kwa mita:

Saa 9 usiku: A 151.5, B 151.4, C 147.2, D 150.9.
Saa 1 asubuhi: A 146, B 143, C 139, D 128.

Modeli inanipa kituo C karibu sawa na B saa zote, na D inanipa 140.5 asubuhi. Kutoka B kwenda D ni bomba moja kubwa la PVC, halina hata miaka kumi. Nimetumia programu ya kusaka thamani yenyewe, imenipa ukwaruzo wa 53 kwa bomba hilo, na mistari sasa inalaliana vizuri sana. Mkuu wangu wa idara anataka ripoti. Niikabidhi?

#6 Mpimamaji

Usiikabidhi, ndugu yangu. Na hongera, kwa sababu umeziweka namba kwa namna inayojieleza. Wengi huleta presha tupu, na presha tupu za sehemu zenye miinuko tofauti hazilinganishiki.

Zitazame usiku na mchana kwa pamoja. Kituo C kiko chini ya B kwa mita 4.2 usiku, na kwa mita 4 asubuhi. Mtiririko umebadilika sana kati ya saa hizo mbili, lakini tofauti imebaki pale pale. Bomba haliwezi kufanya hivyo. Kinachoweza kukaa vile vile usiku na mchana ni mwinuko uliokosewa au kifaa chenye kasoro. Kapime mwinuko wa C upya, na ukilinganishe kinasa chake na kingine. Usiguse bomba lolote la upande ule.

D ni habari nyingine kabisa. Usiku iko chini ya B kwa nusu mita, asubuhi kwa mita 15. Tofauti imekua pamoja na mtiririko, kwa hiyo ni upotevu wa kweli wa njiani. Modeli ilitegemea mita 2.5, wewe una 15: mara 6. Ili ukwaruzo peke yake uzae mara 6, C ya ukwaruzo lazima igawanywe kwa 2.63, na ndiyo maana programu ilikutoa 140 ikakufikisha 53. Hesabu yake ni sahihi. Ila bomba la PVC la C 53 halipo duniani. Programu imeulizwa swali moja tu, "C ngapi?", ikajibu.

Yanayoweza kusababisha ni haya, kwa mpangilio ambao ningeyafuata: valvu iliyobaki imefungwa au nusu imefungwa; bomba jembamba kuliko ramani mahali fulani, pengine kipande kilichobadilishwa wakati wa matengenezo; mtiririko mkubwa kuliko unaoudhani, aidha uvujaji mkubwa au mteja mkubwa asiye na dira mbele ya D; au bomba lingine la kulisha eneo lile ambalo kwenye modeli liko wazi na ardhini limekatwa.

Namna ya kuvitenganisha: saa ya matumizi makubwa, tembea na geji moja nzuri kutoka B kuelekea D, pima kila chemba na kila haidranti, na kila kituo kipimwe mwinuko. Chora kimo cha haidroliki dhidi ya umbali. Mteremko ukiwa wa sare njia nzima, ni mtiririko mkubwa au kipenyo. Ukikuta ngazi, mahali ambapo mita nyingi zinapotea ndani ya hatua chache, umefika kwenye kosa. Pima pia mtiririko wenyewe kwa mita ya mawimbi ya sauti inayofungwa nje ya bomba, ili usibaki ukibishana na dhana mbili kwa pamoja.

#7 FundiTangi

Valvu ya lango ikifungwa nusu haili presha ya maana. Kama inakula mita kumi na kitu kwa kasi ya kawaida ya maji, basi imebaki mizunguko michache kufungwa kabisa. Hesabu mizunguko unapoifungua na uandike. Na ukute inafunga upande gani, zipo zinazofunga kinyume na nyingine kwenye mtandao huo huo, na hapo ndipo mtu "aliyefungua" anakuwa amefunga.

#8 DiraZaWateja

Habari zenu. Mimi niko upande wa ankara. Kwetu maji yanayozalishwa na yanayolipiwa yanapishana sana, na wahandisi wetu wamechukua matumizi ya kila mteja wakayazidisha kwa namba moja ili jumla ifike. Ni sawa? Inanisumbua kwa sababu mtaa wenye mabomba mapya na mtaa wa mabomba yaliyooza umepewa upotevu ule ule.

#9 Mpimamaji

Dada, au kaka, kinachokusumbua ni cha kweli na kina uzito.

Maji yasiyolipiwa yana sura mbili, na kila moja ina tabia yake kwenye modeli. Kuna maji yanayomfikia mtu bila kuhesabiwa vizuri: dira iliyochoka, muunganisho wa wizi. Hayo yanafuata mwenendo wa matumizi, yanapanda asubuhi na kushuka usiku, kwa hiyo yanaweza kuongezwa juu ya matumizi. Halafu kuna uvujaji. Uvujaji haulali, na unaongozwa na presha: usiku, presha ikipanda, nao unapanda. Ukiuzidisha pamoja na matumizi unaufanya uvuje mchana zaidi ya usiku, kinyume cha ulivyo. Modeli yako itakuwa na presha ya juu mno usiku, na utaanza kutafuta sababu kwenye mabomba.

Kadirio lipate usiku wa manane, kati ya saa 8 na saa 10. Tuseme kanda inaingiza lita 14 kwa sekunde na matumizi halali ya saa hizo ni 3. Uvujaji ni 11, kwa presha ya wastani ya mita 50. Mchana presha ikishuka hadi 35, uvujaji unaongozwa na kipeo: kwa kipeo cha 0.5, kama wa tundu lisilotanuka, ni 9.2, kwa kipeo cha 1, kama wa nyufa za plastiki zinazofunguka presha inapopanda, ni 7.7. Kwenye EPANET hili hufanywa kwa kuzipa nodi tundu la kutolea maji linalotegemea presha, na kipeo ni kimoja kwa mtandao wote.

Tahadhari kubwa: kama wateja wana matangi ya nyumbani yenye boya, usiku ndio yanapojaa. Matumizi halali ya usiku yatakuwa makubwa kuliko ya vitabuni, na ukiyasahau utauita uvujaji kile kilichoingia kwenye tangi la mteja aliyelipa.

Kuhusu mitaa: gawa uvujaji kwa urefu wa mabomba na idadi ya viunganisho, kisha upe uzito zaidi mitaa yenye kumbukumbu nyingi za matengenezo. Hapo ofisi yako na ofisi ya mafundi mkae meza moja.

#10 NodiYaMwisho

Na sisi wa mgao? Maji yanafunguliwa saa chache, mabomba yanakauka, yanajaa tena. Modeli inanipa presha hasi kila mahali pembezoni. Nimekata tamaa na EPANET.

#11 Mpimamaji

Usikate tamaa, ila ijue mipaka yake. EPANET inadhani mabomba yamejaa maji muda wote. Saa ya kwanza ya mgao, maji yanapofukuza hewa, haimo ndani ya hesabu zake, kwa hiyo usikalibreti kwa vipimo vya saa hiyo. Subiri mtandao ujae.

Presha hasi unazoziona zinatokana na kuilazimisha modeli itoe matumizi yote hata pasipo na presha. Toleo la 2.2, lililotoka 2020, lina uchaguzi wa matumizi yanayotegemea presha: unaweka presha ya chini kabisa ambapo hakuna kitu kinachotoka, na presha ya kutosheleza ambapo mteja anapata yote, katikati matumizi yanakua kwa kipeo, kwa kawaida 0.5. Washa hilo. Na kwa mgao mteja hachoti kadiri anavyotumia, anachota kadiri bomba linavyoweza kutoa mpaka tangi lake lijae. Walio karibu na valvu wanajaza kwanza, wa pembezoni wanasubiri. Modeli ikilionyesha hilo, tayari unayo hoja ya kupanga zamu za mgao kwa haki.

#12 MwanafunziHaidro

Nashukuru sana Injinia. Msimamizi wangu anataka nitumie algoriti za kijenetiki, zinazosaka thamani zenyewe kwa kompyuta, kukalibreti. Ni vibaya? Na nitajuaje kwamba imetosha?

#13 Mpimamaji

Si vibaya. Ni kifaa cha mwisho, baada ya valvu, miinuko, vipenyo na mizania ya maji kukaguliwa kwa mikono. Ukiianza nayo, itakupa ya ValvuWazi pale juu.

Ukiitumia, ibane. Kama una vituo kumi vya presha na mabomba elfu mbili, ukiruhusu kila bomba liwe na C yake kuna majibu yasiyohesabika yanayolingana na vipimo vyako, na karibu yote ni ya uongo. Panga mabomba kwa makundi machache ya aina na umri, weka mipaka ya kila kundi inayotokana na vipimo vya uwandani, na thamani inapogonga ukuta wa mpaka wake usiutanue ukuta. Nenda uwandani uone kuna nini.

Kuhusu kutosha, hakuna kiwango kimoja kinachokubaliwa duniani kote. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 1989 bado unatumika sana kama rejea: presha isipishane zaidi ya mita 0.5 au asilimia 5 ya presha inayopotea kwa asilimia 85 ya vipimo; mita 0.75 au asilimia 7.5 kwa asilimia 95 ya vipimo. Mita 2 au asilimia 15 kwa vipimo vyote. Mtiririko usipishane zaidi ya asilimia 5 kwenye mabomba yanayobeba zaidi ya sehemu ya kumi ya matumizi yote, na asilimia 10 kwenye mengine. Ni vigezo vikali. Kwangu cha kwanza kuuliza ni modeli itaamua nini. Ya kupanga bomba kuu jipya inavumilia makosa ambayo ya kupanga presha za kanda za kudhibiti uvujaji haivumilii. Ya umri wa maji (muda yanaokaa njiani) na klorini inadai zaidi, maana hapo mwelekeo na kasi ya kila bomba vinahesabika, na presha zinaweza kulingana vizuri huku mielekeo ikiwa imepinduka.

Tena, weka pembeni data za siku moja usizozitumia kabisa kukalibreti, ikiwezekana siku yenye hali tofauti, kwa mfano pampu moja ikiwa imezimwa. Kisha ijaribu modeli nayo. Na kama mji una vyanzo viwili ambavyo maji yake yanapitisha umeme kwa viwango tofauti, umepata zawadi: pima upitishaji umeme mitaani, utajua maji ya chanzo kipi yanafika wapi, bila kumwaga kemikali yoyote. Modeli ikisema mtaa unalishwa na chanzo cha mashariki na maji yakasema magharibi, maji ndiyo yanayosema kweli.

#14 ValvuWazi

Wakuu, nimerudi na majibu. Nilitembea na geji kutoka B hadi D kama nilivyoelekezwa, saa ya matumizi makubwa.

Njia nzima mteremko ni mdogo, unaendana na PVC nzuri. Halafu kati ya chemba mbili zilizo umbali wa mita 90 ikatokea ngazi ya mita 12. Katikati yao kuna valvu ya lango ambayo kwenye ramani haipo, imefunikwa na lami. Tuliifukua. FundiTangi alisema kweli, ilikuwa imebaki mizunguko minne kufungwa, na inafunga kinyume na nyingine zote za barabara ile. Tulipoifungua yote taratibu, D asubuhi iliyofuata ilisoma kimo cha 140.

Kituo C: mpima ardhi amekuta mwinuko ni mita 108, kwenye modeli niliweka 104 kutoka kwenye picha za angani. Nimerudisha ukwaruzo kwenye 140 na sasa vituo vyote vinne viko ndani ya mita moja. Wakazi wa eneo la D wanasema wanapata maji ghorofa ya pili bila pampu.

#15 NodiYaMwisho

Safi sana. Kumbe walikuwa wanateseka kwa valvu moja.

#16 Mpimamaji

ValvuWazi, hii ndiyo kazi. Ila kabla hujaandika ripoti, yako mambo manne.

Vipimo vyako vya zamani vya kanda nzima vilichukuliwa valvu ikiwa karibu kufungwa. Sasa mtiririko umejigawa upya, kwa hiyo acha vinasa vikae wiki nyingine na ukalibreti kwa data mpya. Za zamani usizifute: iendeshe modeli mara moja valvu ile ikiwa imebanwa kiasi cha kula mita 12, uone kama inarudisha D kwenye 128. Ikirudisha, una uthibitisho wa hali mbili tofauti za mtandao mmoja.

Presha ya D imepanda mita 12 asubuhi. Mabomba ya zamani ya eneo lile yatavuja zaidi ya yalivyokuwa yakivuja. Pima mtiririko wa usiku wa kanda wiki hii na wiki ijayo, na waambie mafundi wa zamu wakae tayari kwa mipasuko.

Valvu iingie kwenye GIS leo, pamoja na upande inakofungia na idadi ya mizunguko yake, na kifuniko chake kiinuliwe juu ya lami.

Na kwenye faili la modeli andika kila badiliko: tarehe, ulibadilisha nini, kwa kipimo gani. Thamani isiyo na kipimo nyuma yake iwekee alama, ili atakayekuja baada yako ajue aanzie wapi kupima.

FundiTangi, orodha yako ya valvu zinazofunga kinyume, kama unayo mpangilio mzuri wa fomu, itundike hapa tafadhali. Wengi wataihitaji.

#17 FundiTangi

Naiandaa. Ina safu hizi: namba ya valvu, kipenyo, upande wa kufunga, mizunguko kamili, mizunguko iliyokutwa, tarehe, na jina la aliyeizungusha. Safu ya mwisho ndiyo watu wanaiacha, na ndiyo unayoihitaji presha ikishuka usiku na hujui umpigie nani simu.